Punje Nne katika Mia

Nilirudi kutoka soko la Chwele na nusu gunia la nyayo
nikamkuta Nasambu mezani akihesabu maharagwe.
Si kuchambua. Kuhesabu.
Tisini na nane, tisini na tisa, mia.
Punje moja alikuwa ameipaka wino wa kalamu.
"Hii ni mimi," akasema,
akaitumbukiza kwenye gorogoro pamoja na zile nyingine, akatikisa.

Chuo chenyewe kiko ng'ambo, kwenye theluji.
Kwa kila mia wanaobisha, hufunguliwa wanne.
Basi binti yangu akafumba macho, akachota nne.
Hakuwemo.
Akaandika daftarini: mara ya kwanza, hapana.
Akarudisha, akatikisa, akachota.
Saa tatu usiku, taa ya sola ikianza kufifia,
alikuwa amechota mara hamsini
na ametoka mara mbili.
Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepanga mia iwe mia.

Mbegu nikinunua dukani kwa Barasa,
katika mia zikiota tisini, namsifu.
Zikiota sabini, naenda kumgombeza.
Zikiota nne,
Barasa atahama mji.

Akaanza kujiongezea. Alama ya A ya hesabu: tuseme tano katika mia.
Ile mashine ya kukaushia mahindi
aliyoiunda kwa mabati ya choo cha zamani: sita.
Akapunguza. Karo hatuna, na waombao msaada ni wengi: tatu.
Shule yake haijawahi kupeleka mtu huko: mbili.
Mwalimu Khaemba kaandika barua nzuri, lakini
neno "bidii" limo mara tisa. Mbili unusu? Moja?
Nusu punje utaichotaje, nikamuuliza.

"Na ile insha?"
Akanyamaza. Akacheka kwa pua.
Kumbe insha aliandika juu ya gorogoro langu,
jinsi nilivyolibonyeza kitako kwa nyundo mwaka wa ukame
ili kilo mbili zipungue kidogo, mteja asijue,
na jinsi yeye, akiwa darasa la tano,
alivyopima maji ndani yake akajua ni kiasi gani.
Mama yangu! Siri ya miaka minane
imevuka bahari kabla yangu!
"Hiyo itakuongezea au itakupunguzia?"
"Sijui, mama. Hapo ndipo hesabu inapoishia."

Nikavua viatu. Nikakaa.
Niambie, wanaochagua huko hufumba macho?
"Hapana. Humsoma kila mtu."
Basi maharagwe yako yanasema uongo.
Mimi nawajua wanunuzi, nimesimama mbele yao miaka ishirini.
Mmoja hutumbukiza mkono mpaka chini ya gunia
akitafuta ulichoficha.
Mwingine hunusa. Mwingine leo anataka nyekundu tupu,
kesho anataka za madoadoa.
Na mwingine husifu, huinua punje kwenye mwanga,
kisha huyoo, anakwenda zake,
kapu lake limejaa.
Punje haikukosa kitu.
Kapu lilijaa.

Sijui kama alinisikia. Alikuwa amelalia daftari.

Maharagwe yale mia niliyaloweka usiku huo pamoja na mengine.
Njaa haisomi takwimu.
Kesho yake tunakula, Makokha, kitindamimba wangu,
akasimamisha kijiko hewani:
"Hii ina wino."
Kimya.
"Dada, karibu nikutafune."
Nasambu akaipokonya, akaitia kinywani,
akaimeza nzima, bila maji.

Jibu litakuja mwezi wa tatu, saa nane usiku kwa saa zetu.
Ameshanionya nisikeshe. Nitakesha.

Alhamisi nilikuwa Chwele tena, na wateja wakanishangaa
wakiona gorogoro limeshiba kuliko jana.
Nimelinyoosha kitako kwa nyundo ileile.
Huwezi kujua.
Watu wenye kusoma kila kitu
wanaweza kutuma mtu aje kupima.